Nairobi hadi London: Umbali ni ule ule, mbona safari ya ndege imerefuka?

Ukiiuliza simu yako umbali wa kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa Heathrow, London, itakujibu mara moja: takriban kilomita 6,840. Ukiiuliza muda wa safari, hapo jibu linaanza kuyumba. Pengine utaambiwa saa 8, pengine saa 8 na nusu, na ukija kuishika tiketi yenyewe utakuta karibu saa 9.

Viwanja hivyo viwili havijahama. Nairobi ipo ilipokuwa na London ipo ilipokuwa. Ndege za leo nazo si za polepole kuliko zile za miaka 10 iliyopita. Kilichobadilika ni njia iliyopo katikati. Tangu Aprili 2023, ndege zinazotoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya zimelazimika kuzunguka vita.

Huenda ukasema hayo ni mambo ya wenye pasipoti. Lakini chini ya miguu ya abiria, katika tumbo la ndege hiyo hiyo, kuna katoni za mishiri kutoka Kirinyaga, waridi kutoka Naivasha na viungo vya jikoni kutoka mashamba madogo madogo. Nusu saa inayoongezeka angani ina gharama yake, na gharama hiyo hushuka hadi shambani. Makala hii inaeleza umbali huo unapimwaje, muda unatoka wapi, na ni nani anayelipa njia inapopinda.

Kilomita 6,840 zinapimwaje?

Chukua chungwa na kipande cha uzi. Weka alama ya kalamu katikati ya chungwa, hiyo iwe Nairobi, ambayo iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Weka nyingine juu zaidi upande wa kushoto, hiyo iwe London. Sasa vuta uzi ukaze kutoka alama moja hadi nyingine. Uzi huo, uliolala juu ya ganda la chungwa bila kulegea, ndio njia fupi kuliko zote. Hivyo ndivyo simu inavyopata zile kilomita 6,840: inachukua mahali kilipo kila kiwanja duniani, kisha inapiga hesabu ya uzi uliokazwa juu ya dunia iliyo duara.

Ndiyo maana njia hiyo haifanani na mstari ulionyooka unaouchora kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Ramani ya ukutani ni dunia iliyobandikwa kwenye karatasi, na ukibandika ganda la chungwa mezani lazima lipasuke au livutike mahali fulani.

Tukiufuata uzi wetu kutoka Nairobi, unapita juu ya Bonde la Ufa, unakwenda kaskazini magharibi hadi karibu na Lokichoggio, kisha unaingia Sudan Kusini. Kutoka hapo unaingia Sudan na kupita juu ya Kordofan, unafika karibu na pembe ambapo Sudan, Misri na Libya zinakutana, unaikata Libya hadi pwani yake ya kaskazini, unavuka bahari ya Mediterania, unapita Sicily, Italia na Ufaransa, kisha Uingereza.

Isome tena orodha hiyo. Sehemu kubwa ya safari ya Afrika katika njia fupi kuliko zote iko juu ya nchi 2: Sudan na Libya. Hapo ndipo tatizo lilipo.

Kutoka kilomita hadi saa

Ndege kubwa ya abiria ikishafika juu, kilomita 10 hadi 12 kutoka ardhini, husafiri kwa mwendo wa kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Ukigawanya 6,840 kwa 900 unapata saa 7 na dakika 36. Mbona basi tiketi haisemi hivyo?

Kwanza, ndege haianzi na kasi hiyo. Inasukumwa kutoka ilipoegeshwa, inatambaa hadi kwenye njia ya kurukia, inasubiri zamu, inapaa polepole, na mwisho wa safari inashuka polepole vile vile. Muda unaoandikwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka mahali pa maegesho hadi inapoegeshwa tena mwisho wa safari. Heathrow ni uwanja wenye msongamano mkubwa, na si ajabu ndege kuzungushwa angani karibu na London kabla ya kupewa nafasi ya kutua.

Pili, kuna upepo. Juu kabisa, hasa katika maeneo yaliyo mbali na Ikweta, kuna mikondo ya upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 150 kwa saa. Ndege inayokwenda magharibi inaukabili upepo huo kifuani. Inayorudi mashariki inasukumwa mgongoni.

Mfano mzuri ni safari ya Nairobi hadi New York, ambayo shirika la Kenya Airways liliianzisha tarehe 28 Oktoba 2018. Umbali wake ni takriban kilomita 11,800 kwenda na vivyo hivyo kurudi. Lakini kwenda huchukua takriban saa 15 na kurudi takriban saa 14. Uwanja ni ule ule na ndege ni ile ile, ila saa 1 imekwenda na upepo. Kwa London tofauti huwa ndogo, kwa sababu safari hiyo ni ya kaskazini zaidi kuliko magharibi.

Hayo mawili, maegesho na upepo, yalikuwepo siku zote na mashirika ya ndege yameyazoea. Sababu ya tatu ndiyo inayotuleta kwenye habari za siku hizi.

Anga ina mwenyewe

Watu wengi hudhani kwamba ukishapaa juu ya mawingu hakuna mipaka. Sivyo. Mkataba uliotiwa saini mjini Chicago, Marekani, tarehe 7 Desemba 1944, ambao ndio msingi wa sheria za usafiri wa anga duniani, unasema wazi kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Kama shamba lilivyo na mwenyewe, anga nayo ina mwenyewe.

Kwa hiyo ndege inayotoka Nairobi kwenda London hupita kwa idhini. Kila nchi ina waongozaji wa ndege wanaoipokea ndege hiyo mpakani kwa redio, wanaipangia urefu wa kupita ili isigongane na nyingine, kisha wanaikabidhi kwa nchi inayofuata. Na kila nchi hutoza ada, ambayo hutegemea ukubwa wa ndege na umbali inaopita. Kwa nchi kubwa iliyo katikati ya njia kama Sudan, ada hizo zilikuwa mapato ya kuaminika ya fedha za kigeni: ndege inapita bila kutua na nchi inalipwa.

Libya ilikuwa na matatizo tangu zamani. Baada ya kuangushwa kwa Muammar Gaddafi mwaka 2011 na mapigano yaliyozuka tena mwaka 2014, mamlaka za usafiri wa anga za Ulaya na Marekani zilizuia au kuonya mashirika yao yasipite huko. Ndege za Nairobi zikazoea kupita Sudan, kisha kukunja kidogo upande wa Misri badala ya kuikata Libya. Mkunjo huo ulikuwa mdogo na safari haikuathirika sana.

Halafu ikaja Aprili 2023.

Siku anga ya Sudan ilipofungwa

Tarehe 15 Aprili 2023 mapigano yalizuka Khartoum kati ya jeshi la Sudan na kikosi cha RSF. Uwanja wa ndege wa Khartoum ulikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kupiganiwa. Siku hiyo hiyo, ndege ya shirika la Saudia iliyokuwa ikijiandaa kuondoka kwenda Riyadh ikiwa na watu ndani ilipigwa risasi ikiwa bado ardhini. Anga ya Sudan ikafungwa.

Miezi 3 baadaye, tarehe 26 Julai 2023, wanajeshi wakaipindua serikali ya Niger. Watawala wapya, wakihofia kuvamiwa na majeshi ya nchi jirani, wakaifunga anga ya nchi hiyo tarehe 6 Agosti. Haikufunguliwa hadi tarehe 4 Septemba.

Hebu itazame ramani ya Afrika ya mwezi huo wa Agosti. Libya juu, Sudan upande wa mashariki, Niger upande wa magharibi. Katikati yao iko Chad. Anga ya Chad yenyewe haikufungwa, lakini ilikuwa kama nyumba iliyo wazi ambayo majirani wake wote wa upande wa kaskazini wamefunga malango. Ungeweza kuingia Chad, lakini kutoka hapo kwenda Ulaya usingepata pa kutokea. Ukuta huo ulienea kutoka Bahari ya Shamu hadi karibu na Mali, na kila ndege ya Afrika ya kati, ya mashariki au ya kusini iliyokuwa ikienda Ulaya ilibidi itafute upande wa kuuzungukia.

Kwa ndege ya Nairobi, upande wa karibu ni mashariki: Ethiopia, Eritrea, Bahari ya Shamu, Misri, kisha Mediterania. Ukiipima njia hiyo kwenye ramani kupitia Cairo unapata takriban kilomita 7,300. Hiyo ni nyongeza ya kilomita 450 hivi juu ya uzi wetu wa chungwa, sawa na nusu saa ya kuruka.

Upande wa magharibi ni mrefu zaidi. Ukipitia Jamhuri ya Afrika ya Kati, Chad, Niger na Algeria hadi London, unakaribia kilomita 7,900, yaani nyongeza ya zaidi ya kilomita 1,000 na zaidi ya saa 1. Na njia hiyo ndiyo iliyozibwa Niger ilipofunga anga yake.

Baadaye mwaka huo huo wa 2023 Sudan ilifungua tena sehemu ya mashariki ya anga yake, upande wa Port Sudan. Hilo lilipunguza mzunguko kwa kiasi, lakini katikati na magharibi, ambako uzi wetu unapita, hali ilibaki ya vita.

Kwa nini wasipite juu tu?

Swali hili ni la haki. Ndege iko kilomita 11 juu, na bunduki ya askari aliye chini haifiki huko. Kwa nini ihofie?

Jibu liko katika tarehe 17 Julai 2014. Siku hiyo ndege ya Malaysia Airlines, safari namba MH17, ilikuwa ikitoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur ikapita mashariki mwa Ukraine, ambako kulikuwa na vita. Ilikuwa juu ya futi 33,000, takriban kilomita 10. Anga chini ya futi 32,000 ilikuwa imefungwa, na juu ya hapo ilikuwa wazi. Ilidunguliwa na kombora na watu wote 298 waliokuwamo wakafa. Tangu siku hiyo hakuna shirika kubwa linaloamini kwamba kuwa juu sana kunatosha.

Hapa kwetu pia tuna kumbukumbu ya karibu zaidi. Tarehe 4 Mei 2020, ndege ndogo ya mizigo kutoka Kenya, iliyokuwa ikibeba vifaa vya kupambana na korona, ilidunguliwa karibu na Bardale nchini Somalia ilipokuwa ikikaribia kutua. Watu 6 walikufa. Waliofyatua walikuwa wanajeshi wa Ethiopia waliokuwa wakilinda eneo hilo, na walidhani ni ndege ya kuwashambulia. Katika eneo la vita si lazima mtu akukusudie wewe ili akuue. Yatosha akukosee.

Hata pale ambapo hakuna makombora makubwa, kuna tatizo jingine. Waongozaji wa ndege ni watu. Vita vikifika mjini wanakimbia pamoja na familia zao, umeme unakatika na redio zinanyamaza. Ndege ikiingia anga isiyo na mtu wa kuiongoza ni kama basi linaloingia usiku kwenye makutano makubwa yasiyo na taa. Na kampuni za bima zikiona hivyo hupandisha malipo, au hukataa kabisa.

Nusu saa inagharimu nini?

Tuje kwenye pesa. Ndege ya injini 2 ya safari ndefu, kama Boeing 787, hutumia takriban tani 5 za mafuta kwa kila saa. Kwa nusu saa ya ziada hiyo ni tani 2 na nusu, yaani karibu lita 3,100. Ndege inayokwenda na kurudi kila siku, ikiongezewa nusu saa kila upande, itateketeza zaidi ya lita milioni 2 za ziada kwa mwaka. Hiyo ni ndege moja tu. Ndege kubwa za mizigo zenye injini 4 hutumia karibu mara 2 ya hapo.

Kuna na jambo ambalo wengi hawalijui: mafuta nayo ni mzigo. Mama anayechota maji mbali analielewa hili vizuri. Kadiri ndoo inavyokuwa nzito ndivyo anavyochoka zaidi na ndivyo anavyohitaji kunywa maji mengi zaidi njiani. Ndege ikibeba tani 1 ya ziada ya mafuta kwa safari ya saa 8, karibu robo ya mafuta hayo huungua kwa kazi ya kuyabeba yenyewe tu.

Nairobi ina ugumu wake pia. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi. Injini zinapata hewa pungufu na mabawa yanainuliwa kwa nguvu ndogo, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Ndiyo sababu njia ya kurukia ya hapo ina urefu unaozidi mita 4,000. Jua la mchana likiwaka hewa inazidi kuwa nyepesi. Usiku inapoa na kuwa nzito, na hiyo ni sababu mojawapo ya safari nyingi ndefu kuondoka usiku.

Maana yake ni kwamba kuna uzito ambao ndege haiwezi kuupita ikitaka kuruka salama kutoka Nairobi. Katika siku ambazo imefika kwenye kikomo hicho, kila tani ya mafuta inayoongezwa lazima tani ya kitu kingine ishuke. Abiria hashushwi, kwa sababu tayari ana tiketi. Kinachoshushwa ni shehena.

Shehena hiyo ni ya nani?

Hapa ndipo habari inaporudi kijijini. Si kila safari hufika kwenye kikomo cha uzito. Lakini inapofika, zile tani 2 na nusu za mafuta ya ziada ni sawa na katoni 500 za kilo 5 kila moja. Kama ni mishiri iliyochumwa asubuhi, ikapangwa na kupelekwa Nairobi mchana, kukosa ndege ya usiku ni kusubiri ndege ya kesho. Mishiri haisubiri. Waridi nalo kila siku linayopoteza njiani ni siku inayopungua katika chombo cha maua cha mnunuzi wa Ulaya.

Hata katoni zikipata nafasi, nauli ya mzigo hupanda. Angalia jinsi bei ya mkulima inavyopatikana. Mnunuzi wa London ana bei yake, na bei hiyo huwekwa na soko la huko. Kutoka hapo mwuzaji wa nje anaondoa nauli ya ndege, gharama za kufungasha, baridi, ukaguzi na faida yake. Kinachobaki ndicho kinachomfikia mkulima. Nauli ikipanda, mnunuzi wa London hapandishi bei kwa kuwa kuna vita Sudan. Anaweza kununua Morocco, ambako ni karibu zaidi. Kwa hiyo nyongeza hukatwa upande wa chini, kwa yule asiye na nafasi ya kukataa.

Njia ya bahari nayo si kimbilio rahisi. Parachichi, ambazo huvumilia safari ndefu, hupelekwa kwa meli kutoka Mombasa. Lakini tangu Novemba 2023, wapiganaji wa Houthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, meli nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema huko Afrika Kusini, na safari ikarefuka kwa wiki kadhaa. Majini na angani, Afrika Mashariki imejikuta ikizunguka vita vya wengine.

Si Nairobi peke yake

Majirani zetu wanalijua jambo hili. Februari 2025, mapigano ya mashariki mwa Congo yalipopamba moto, serikali ya Kinshasa ilizipiga marufuku ndege zilizosajiliwa Rwanda kupita katika anga yake. Congo ina ukubwa wa kilomita za mraba milioni 2.3. Ndege ya Kigali inayokwenda Afrika Magharibi ikinyimwa njia hiyo ni lazima izunguke nchi nzima.

Juni 2025, Israel na Iran ziliposhambuliana, anga za Iran, Iraq, Jordan, Syria na Israel zilifungwa, na tarehe 23 mwezi huo Qatar nayo ikafunga yake kwa saa kadhaa. Ndege zilizokuwa zikipita huko zilimiminika upande wa Misri na Saudi Arabia, yaani njia ile ile ambayo ndege za Nairobi zilikuwa zimekimbilia. Barabara ya pembeni nayo ikajaa magari.

Ulaya nako, Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, nchi za Umoja wa Ulaya zilizifungia ndege za Urusi anga zao, na Urusi ikalipiza kwa kufanya vivyo hivyo. Safari ya Helsinki, Finland, hadi Tokyo, Japani, ambayo ilikuwa ya saa 9 na kitu, ikawa karibu saa 13. Finland ni nchi tajiri na shirika lake la ndege lilitikisika. Tofauti ni kwamba huko abiria wengi wanaweza kulipa nyongeza. Katoni ya mishiri haiwezi.

Ukipata tiketi, isome hivi

Pengine una mtoto anayekwenda kusoma, au ndugu anayerudi nyumbani. Mambo haya 3 yatakusaidia.

La kwanza, saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali husika. Saa ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya London. Nairobi iko mbele ya London kwa saa 3 katika majira ya baridi na saa 2 katika majira ya joto. Waingereza hubadili saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kwa hiyo ndege ikiondoka Nairobi saa 3 asubuhi mwezi Januari na kufika London saa 9 alasiri, usiseme ni safari ya saa 6. Ni saa 9, kwa kuwa ikifika huko, Nairobi ni saa 12 jioni.

La pili, tiketi hutumia saa za Kizungu za 0 hadi 24. Ukiona 23:30, hiyo ni saa 5 na nusu usiku. Ukiona 09:00, hiyo ni saa 3 asubuhi.

La tatu ndilo linalowaponza wengi. Ukiona Alhamisi 00:30, hiyo ni saa 6 na nusu ya usiku wa kuamkia Alhamisi. Unatakiwa uwe uwanjani Jumatano jioni. Ukienda Alhamisi usiku utaambiwa ndege yako iliondoka usiku uliopita.

Na kama unampokea mtu, usitegemee saa iliyoandikwa tiketi ilipokatwa miezi 3 iliyopita. Njia hupangwa upya kila siku kwa kuangalia upepo na anga zilizo wazi. Uliza habari za safari hiyo siku yenyewe.

Njia itanyooka lini?

Machi 2025 jeshi la Sudan lilitangaza kuuteka tena uwanja wa ndege wa Khartoum. Wengine walidhani njia imefunguka. Lakini kuurudisha uwanja si sawa na kuirudisha anga. Anga haihesabiwi kuwa salama hadi mitambo ya kuongozea ndege itengenezwe, waongozaji warudi kazini, mapigano yakome hata maeneo ya mbali kama Kordofan, na mamlaka za nchi nyingine pamoja na kampuni za bima ziridhike. Kumbuka kwamba Libya imepita zaidi ya miaka 10 tangu vita vyake vianze, na bado mashirika mengi yanaiogopa.

Sudan yenyewe inapoteza ada za ndege zisizopita tena, wakati ambapo mamilioni ya watu wake wameyahama makazi yao na hata ndege za misaada hupata shida kuwafikia. Hao ndio wanaoumia kwanza na zaidi ya wote. Nusu saa ya abiria wa Nairobi haiwezi kulinganishwa na mateso yao.

Lakini mkulima wa Kirinyaga naye ana haki ya kujua kwa nini malipo yake yamepungua wakati mishiri yake ni mizuri ile ile. Akiambiwa tu kwamba nauli ya ndege imepanda, aulize imepanda kwa sababu gani na kwa kiasi gani, kwa sababu nusu saa ya mafuta inahesabika, nasi tumeihesabu hapa. Sababu ya kweli isitumiwe kuficha makato yasiyo ya kweli. Vyama vya ushirika vinavyokaa mezani na wauzaji wa nje vinaweza kuuliza swali hilo kwa niaba ya wanachama wao, na kutaka kuonyeshwa nauli iliyolipwa.

Kwa hiyo siku nyingine ukisikia katika taarifa yetu ya habari kwamba nchi fulani imefunga anga yake, usibadilishe idhaa ukidhani ni habari za mbali. Chukua chungwa na uzi, tazama uzi unapita wapi, kisha uliza ni mzigo wa nani uliomo ndani ya ndege itakayozunguka.